Makofi Mawili, Kisha Jina

Damalie alizima redio kaseti kwa kidole chenye unga.

"Rudisha," alisema. "Rudisha hapo hapo."

Erukana akacheka. Alidhani mkewe amependezwa. Maskini wee, mwanamume akishasifiwa mara mbili haoni tena mbele! Akarudisha utepe, akajinyoosha kwenye kiti cha jikoni, ghorofa ya sita pale Bredäng, Stockholm, theluji ya mwaka themanini na nne ikianguka nje, akasubiri kusifiwa mara ya tatu.

Gitaa likalia. Yakaja makofi mawili kwenye tumbo la gitaa, pa, pa. Kisha ikaja sauti yake mwenyewe, imejaa raha: "Mukasa! Mukasa wa Busia, fundi wa baiskeli, nakusalimu huko uliko!"

Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Umejisikia?" Damalie aliuliza polepole. "Umesikia ulichosema, Erukana?"

Alimwita Erukana. Siku zote humwita Mzee. Mara ya mwisho kumwita jina lake ilikuwa mwaka sabini na tatu, usiku walipotoroka Kampala na mifuko miwili na gitaa moja.

Ngojeni kwanza niwaeleze, maana asiyejua mambo ya wapiga gitaa atamwona huyu mzee mwehu tu. Kwetu mwanamuziki hapigi wimbo akanyamaza. Gitaa likishapamba moto, hutaja watu. Humtaja mtu aliye hai kwa jina, kwa mahali anapokaa na kwa kazi yake, ili watu wageuke wamtazame, naye avimbe kichwa. Na aliyetajwa lazima amtuze mwimbaji: chupa ya bia, noti ya kubandikwa kwenye paji la uso, hata kuku. Kutajwa ukaondoka bila kutuza ni aibu, watu watakusema mpaka wajukuu. Marehemu naye hutajwa, lakini kwa namna nyingine. Yeye huambiwa tu pumzika, basi. Hana anwani tena.

Na Mukasa alikuwa marehemu. Dunia nzima ilijua hivyo. Mwaka themanini na mbili aliimba kwenye harusi moja wimbo wa kuwacheka askari wanaoiba kuku, na askari wenyewe walikuwa wamekaa meza ya pili. Wiki moja baadaye nyumba yake ilichomwa. Mwili haukuonekana, kwa hiyo ukoo ukazika mgomba, kama inavyofanywa mtu akipotea moja kwa moja. Walilia wakalia, kaburi likafukiwa, na wale askari walikuja kuangalia wakaridhika.

Lakini mgomba ule ulizikwa kwa hila. Mukasa alikuwa ng'ambo ya mpaka, Busia upande wa Kenya, amefuga ndevu, anaitwa Barasa, anaziba pancha za baiskeli nyuma ya nyumba ya Noeline, dada yake Damalie. Waliojua hilo duniani walikuwa wanne: Mukasa mwenyewe, Noeline, Damalie na Erukana. Na serikali ya wakati ule ilikuwa haioni taabu kuvuka mpaka kumfuata mtu. Walishafuatwa wengine, wakarudi wakiwa kwenye magunia.

"Nilikuwa nimenogewa," Erukana alisema. "Mama, haki ya Mungu, gitaa lilinoga, nikamwona amekaa mbele yangu."

"Noeline ana watoto watano katika ile nyumba."

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungeuma ulimi."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wahenga walimsema Erukana kabla hajazaliwa. Miaka hamsini na minane, kazi yake kufua mashuka ya hospitali, na usiku wa Ijumaa kupiga bluzi katika baa moja ya chini ya ardhi ambako Waswidi walikuja kufumba macho na kutikisa vichwa. Bluzi hiyo alifundishwa na Mukasa, mwaka arobaini na nane, Katwe, mtaa wa Kampala. Mukasa naye aliitoa vitani Burma, kwa askari mweusi wa Kimarekani aliyeitwa Lemuel, aliyemfundisha kwa ishara na kwa kumpiga vidole na kijiti. Sasa uzeeni Erukana alipata Mswidi mmoja mwenye studio, Lennart, aliyekubali kumtolea santuri. Akasema hataimba mambo yake hata moja. Ataimba waliomtangulia. Wimbo wa kwanza wa Lemuel, wa pili wa Okech, yule kipofu wa Kisumu, wa tatu wa Dafrosa wa Bukoba aliyeimba hadi akafia jukwaani, wa nne wa Mukasa, na kuendelea. Kila wimbo na jina la mwenyewe ndani yake. Heshima kubwa hiyo! Nani angekataza?

"Basi kesho nakwenda kwa Lennart, anafuta," alisema Erukana. "Yeye Kiswahili hajui hata jambo. Hakuna aliyesikia."

Kisha akashika meza.

"Nini?" mkewe aliuliza.

"Lennart alinipa kaseti mbili."

"Ya pili iko wapi?"

Damalie akamtazama, akaona jibu usoni, akakaa kwenye kiti na unga wake mikononi.

Ya pili alikuwa amempa Evodius.

Huyu Evodius alikuwa kijana wa Uganda, miezi mitatu tu hapa Stockholm. Alisema ni mwanafunzi, ila hakuna aliyewahi kumwona na daftari. Viatu vyake vilikuwa vizuri kuliko vya watu wenye kazi. Alikulia kambini, baba yake mwanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi, kimenyooka. Kwenye kila msiba na kila ubatizo alikuwepo, akiuliza kwa adabu: wewe ni wa wapi hasa, umeacha nani nyumbani, wanaendeleaje? Watu walisema ana masikio mawili, moja lake, moja la Kampala. Na Ijumaa iliyotangulia, stesheni ya Slussen, alimwamkia Erukana shikamoo aliyojifunza hapahapa kwa Watanzania, akamwambia, "Mzee, nimesikia unatoa santuri. Hata kaseti moja hatuonjeshi sisi watoto wako?" Na mzee, kwa kuitwa baba wa watoto asiowazaa, akatia mkono mfukoni akampa. Sifa bwana! Ukimpaka mtu sifa hata mfuko hujifungua wenyewe.

Asubuhi ya Jumatatu hakwenda kazini. Alipanda treni ya mstari mwekundu, akabadilisha Slussen, akapanda ya kijani kwenda Rågsved. Alikuwa ameandaa uongo: atasema kaseti ina kasoro, atoe, amletee nzuri. Uongo mwepesi, wa kueleweka. Lakini kila treni iliposimama aliona kitu kimoja tu, mwanga wa tochi nyuma ya nyumba ya Noeline, na Mukasa, mzee wa miaka sitini na nane, anainuka kutoka mkekani akitafuta miwani yake.

Kwenye ngazi za lile ghorofa alisimama. Muziki ulikuwa unatoka nyuma ya mlango wa Evodius. Gitaa lake. Ule ulikuwa wimbo wa tatu, wa Dafrosa, umeshafika katikati.

Baada ya Dafrosa anakuja Mukasa.

Akabonyeza kengele, akabonyeza tena, hakuacha kidole.

"Mzee!" Evodius alifungua, uso umejaa furaha. "Shikamoo! Ajabu hii, nakusikiliza wewe, na wewe huyu mlangoni! Ingia, ingia. Vua viatu."

"Sikai, mwanangu. Hiyo kaseti ina kasoro. Nipe nikubadilishie."

"Kasoro gani? Inalia kama kengele. Jana nilikuwa na wageni, ndiyo leo naianza. Ingia kwanza unywe kahawa."

Wageni gani? Erukana hakuthubutu kuuliza. Akavua viatu, maana katika nchi hii huingii nyumbani kwa mtu na viatu hata kama nyumba inaungua, akajikuta katikati ya chumba na soksi iliyotoboka dole gumba. Mtu hawezi kukimbia kwenye theluji na soksi. Wazo hilo lilimjia, akaliona la kijinga, na bado likamzidishia hofu.

Kahawa ikaletwa, na mikate ya iliki kwenye sahani. Redio kaseti ilikuwa juu ya kabati, upande wa Evodius. Dafrosa akaisha.

"Izime tuzungumze," Erukana alisema.

"Aa, Mzee, niache nifaidi. Ni mara ngapi mtu anasikiliza muziki na mwenyewe yuko?"

Wimbo wa nne ukaanza. Bluzi huenda kwa mizunguko, na Erukana aliijua mizunguko yake kama mama anavyojua watoto wake gizani. Wa kwanza anaimba. Wa pili anaimba. Wa tatu gitaa peke yake, halafu makofi mawili, halafu jina. Mikono yake ilitoka jasho mpaka kikombe kikateleza. Afanye nini? Aangushe kikombe? Mlio wa kikombe ni wa mara moja, na ile salamu ni ndefu. Akohoe? Nani anakohoa maneno yote yale? Mzunguko wa pili ukaisha. Evodius alikuwa amefumba macho kama Waswidi wa baa, anatikisa kichwa. Gitaa likapanda. Mungu wangu, alipiga vizuri siku ile, na kila uzi uliolia ulikuwa unamsogeza Mukasa karibu na kaburi la kweli.

Pa, pa.

"Evodius!" Erukana aliruka kutoka kwenye kiti, mikono juu, sauti yote ya kifua. "Evodius wa Rågsved! Mwana wa kambini, mkarimu wa wageni, kahawa yake tamu, nakusalimu hapo ulipo!"

Akabaki amesimama hivyo, soksi imetoboka, pumzi zinamtoka. Kwenye kaseti gitaa lilikuwa linashuka. Jina limepita.

Evodius alikuwa amefumbua macho. Kisha uso wake ukafunguka, ukawa uso wa mtoto.

"Mzee, umenitaja."

"Nimekutaja."

"Tangu nizaliwe sijatajwa. Baba yangu alitajwa mara moja, kwenye mesi ya jeshi, alituza saa ya mkononi." Akacheka, akajifuta macho. Halafu akageuza kichwa kuelekea redio. "Lakini kulikuwa na jina jingine chini yangu. Nimesikia Mu... Mu nani?"

"Mukasa. Mwalimu wangu, marehemu."

"Yule wa wimbo wa kuku?"

"Yule."

"Ngoja turudishe tumsikie." Na kidole chake kikaenda kwenye kitufe.

Hapo Erukana alitaka kupiga kelele. Badala yake mdomo ule ule uliomponza ukafunguka wenyewe.

"Usirudishe! Wewe unataka kutajwa mbele ya redio kaseti tu, chumbani, bila shahidi? Nipe kaseti hiyo. Leo hii naipeleka Vällingby studio, nakuweka pale ndani. Kwenye santuri yenyewe. Dunia nzima ikusikie."

Kidole kikasimama.

"Mimi? Kati ya wakubwa wale?"

"Wewe."

Evodius alimtazama muda mrefu. Kisha akatoa kaseti, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akampa kwa mikono miwili. Erukana aliitia mfuko wa ndani, akaenda mlangoni, akainama kuvaa viatu. Kamba zilimshinda. Vidole vilivyopiga bluzi miaka thelathini na sita havikuweza kufunga kamba ya kiatu.

"Mzee," Evodius alisema juu ya kichwa chake, taratibu. "Busia mna watu?"

Erukana akazichomeka kamba ndani ya viatu.

"Mke wangu ni wa huko," alisema bila kuinua uso. "Kila mtu anajua."

"Ndiyo. Kila mtu anajua," alisema Evodius, akamfungulia mlango.

Kule studio Lennart alikasirika. Sauti ya kuimba ilikuwa imerekodiwa kwenye njia yake, mbali na gitaa, kubadilisha maneno ilikuwa kazi ya dakika kumi, lakini yeye alitaka ile ya kwanza ibaki. "Pale ulikuwa unacheka," alisema. "Sijui ulisema nini, lakini ndipo mahali pazuri kuliko pote katika kazi hii." Erukana akamwambia afute tu. Akavaa vile visikilizio vikubwa, gitaa likapita, makofi yakalia, akataja: Evodius wa Rågsved. Jina la mtu aliyemwogopa kuliko watu wote wa mji ule, kwenye kiti cha mwalimu wake. Sauti ilitetemeka kama ya mtu aliyekabwa koo. Lennart akauliza warudie? Hapana. Asingeweza. Na hakuweza kuacha patupu, maana Evodius angelitafuta jina lake, asilikute, aanze kuuliza pale palikuwa na nini.

Kaseti zote mbili Damalie alizikata kwa mkasi jikoni, kipande kwa kipande. Walitaka kumwandikia Noeline amhamishe Mukasa, lakini barua zilikuwa zinafunguliwa, na kuandika ingekuwa kutaja mara ya pili. Wakanyamaza. Kuanzia siku hiyo simu ikilia Bredäng wote wawili walisimama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuishika.

Santuri ilitoka Septemba. Redioni mtangazaji aliusifu wimbo wa nne, akasema hapo kwenye lile jina linalotetemeka ndipo bluzi yenyewe ilipo. Erukana alikuwa kazini, anakunja mashuka, akasikia. Akakunjua shuka alilokwisha kukunja, akaanza upya. Evodius alinunua santuri tano, akatembea nazo, akawaonyesha watu. Kila alipokutana na Erukana alimsalimu kwa kuinama, na kila mara alisema neno moja: "Mzee, sijakutuza bado. Nitakutuza." Mtu mwingine angelisikia kama ahadi. Erukana alilisikia usiku kucha.

Halafu, masika ya mwaka themanini na tano, Evodius akatoweka. Nyumba ya Rågsved ikahamiwa na Wafini. Wengine walisema amekwenda Denmaki, wengine walisema ameitwa Kampala. Damalie aliposikia Kampala aliacha kula siku mbili. Erukana alilitundika gitaa ukutani, akamwambia mwenye baa kwamba vidole vinamuuma. Havikuwa vinamuuma. Aliogopa kinywa chake, ndiyo ilikuwa habari yenyewe, na gitaa bila kinywa hakulijua.

Mwaka mwingine ukafika, serikali ya Kampala ikabadilika mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu, Jumapili baada ya kanisa, simu ikalia. Damalie akaishika. Akasikiliza, akakaa chini sakafuni na koti lake la baridi, akamnyooshea mumewe mkonga wa simu.

"Wameuawa," Erukana alijisemea. "Mungu wangu, wote."

"Erukana!" Sauti ilikuwa ya mbali, imejaa mikwaruzo, na alikuwa anaijua tangu Katwe. "Nani huyu Evodius uliyemkalisha kwenye kiti changu?"

Erukana alishika mkonga kwa mikono miwili.

"Jibu, sarafu zinaisha. Nipo posta ya Busia, nimenyoa ndevu. Nani huyu?"

"Mwalimu... umeisikia wapi santuri?"

"Aliniletea mwenyewe."

"Nani?"

"Evodius. Mwaka jana, mwezi wa sita. Alikuja na baiskeli ya kuazima, pancha yenyewe kaitoboa kwa msumari, nimeona. Akakaa kwenye kigogo changu, akatazama ninavyoziba. Akanitazama mikono, kucha hizi za kupigia. Nilijua nimekwisha, Erukana. Nilijua hata watakaokuja nyuma yake ni wangapi. Akaniuliza, Mzee, unamjua fundi anaitwa Mukasa? Nikamwambia amekufa, alizikwa. Akasema, ndivyo nitakavyoandika."

Erukana aliegemea ukuta. Simu ilikuwa inavuma.

"Akanipa santuri. Akanionyesha jina lake liko wapi, wimbo wa nne. Akasema anajua palikuwa pangu, maana chini ya jina lake alisikia Busia, na marehemu hatajwi na anwani. Halafu akaniambia kuna siku utapiga simu au nitapiga mimi, na siku hiyo nikupe ujumbe wake. Mimi sikuuelewa. Wewe labda utauelewa."

"Ujumbe gani?"

"Alisema: mwambie Mzee nimeshamtuza."